Kamasi la tundu moja linalonuka: angalia pua ya mtoto kabla hujanunua chupa nyingine ya dawa

Mtoto akitoa makamasi tundu moja tu la pua, mazito, ya kijani au manjano, na yananuka, usikimbilie dawa ya mafua. Mwangalie pua kwanza. Madaktari wa masikio, pua na koo wanaenda na kanuni hii hii, kwamba uchafu unaonuka wa upande mmoja kwa mtoto ni kitu kimeingia puani mpaka ithibitike kwamba sio. Mafua yanakuja pande zote mbili, aleji ya vumbi pia, hata zile nyama za nyuma ya pua zinazomfanya mtoto akorome na kulala mdomo wazi zinaziba pande zote mbili. Kitu kikiingia tundu la kulia, ni la kulia tu ndo litaoza.

Mimi nauguza watoto hapa Malindi, Pwani ya Kenya, na nayaandika haya manake hadithi inajirudia ile ile. Mtoto kapewa antibayotiki chupa ya kwanza, harufu ikapungua, dawa ikaisha, harufu ikarudi, akapewa nyingine kali zaidi, ikapungua tena, ikarudi tena. Huku nyumbani mama kashaambiwa mtoto ana jicho, kafukizwa ubani, katiwa mafuta ya habasoda puani, anaoshwa asubuhi mchana na jioni kwa sababu harufu ikikaa sana inaenea mpaka unadhani ni mwili mzima unanuka, na mtoto wa watu chuoni, yaani madrasa, wenzake hawataki kukaa naye mkeka mmoja. Kumbe ndani kuna kipande cha sponji ya godoro. Ile dawa inaua vijidudu vya pembeni lakini sponji lenyewe liko pale pale, kwa hivo dawa ikiisha tu vijidudu vinaanza upya juu yake. Unaweza kumnywesha mtoto dawa mwaka mzima na shida isiishe.

Wanatia nini, na kwa nini hawasemi

Wengi ni wa miaka miwili mpaka mitano, umri ule mtoto ameshajua kushika kitu kidogo kwa vidole viwili. Huku kwetu ni ushanga, lulu za plastiki zinazodondoka kwenye mabuibui na nguo za harusi, punje za mahindi, kunde, njugu, mbegu za ukwaju, vipande vya mbegu za mabuyu baada ya kumumunywa ile rangi nyekundu, vijiwe na makombe madogo ya ufuoni, raba ya penseli, karatasi, tishu, kifungo, kipini cha dadake. Tundu la kulia linaongoza kwa sababu watoto wengi wanatumia mkono wa kulia.

Usitegemee atakwambia. Wa miaka miwili hana maneno ya kueleza, wa minne anaogopa kuchapwa, na wote wakishaenda kucheza wanasahau. Kwa hivo ukimuuliza, muulize kwa upole na usimtishe, "mama, ulitia kitu hapa? Nionyeshe ulitia nini, sikuchapi," na umtimizie hiyo ahadi, manake siku ya pili akitia kingine atakuja mwenyewe kukwambia.

Na vitu havifanani. Kunde, maharagwe na mahindi yanavimba kwa unyevu wa pua, kilichoingia asubuhi kirahisi jioni kimebana na kinauma. Sponji na karatasi zinanuka haraka. Ushanga wa plastiki au kijiwe ndo hatari ya kimya, kinaweza kukaa miezi hata miaka bila mtu kujua.

Kuangalia pua nyumbani

Watu wawili ni bora kuliko mmoja. Mmoja ampakate mtoto, mgongo wa mtoto kwenye kifua chake, mkono mmoja ukikumbatia mikono yake yote miwili, mkono mwingine kwenye paji la uso ili kichwa kitulie begani. Wa pili aweke kidole gumba kwenye ncha ya pua, aisukume juu taratibu, amulike na tochi ya simu. Anza na tundu zima, kisha lenye shida, halafu linganisha. Tafuta kitu chenye rangi ambayo sio ya mwili, kinachong'aa, au usaha uliojaa upande mmoja wakati wa pili ni safi.

Hapa tahadhari moja muhimu. Kwenye ukuta wa nje wa kila tundu kuna nyama ya pinki inayojitokeza, wazazi wengi wakiiona wanadhani ndo kitu chenyewe wanaanza kuivuta. Hiyo ni yake, kila mtu anayo, na ikivutwa damu itakayotoka utajuta. Ukiona ya pinki pande zote mbili na zinafanana, iache.

Kama huoni kitu, chukua kijiko cha chuma, kiweke chini ya pua mtoto akiwa amefunga mdomo, utaona ukungu wa pumzi umetokea mahali pawili. Ukitokea mahali pamoja tu, upande wa pili umeziba. Na ukishamaliza kuangalia matundu yote mawili, mmulike na masikio, manake anayetia puani anatia na sikioni.

Usipoona kitu sio kwamba hakuna. Vitu vingi vinalala ndani zaidi, tochi ya simu haifiki, na uvimbe unaficha. Kamasi likiwa la upande mmoja na linanuka, nenda tu ukaangaliwe hata kama nyumbani umeona patupu.

Betri na sumaku hazingoji

Hapa naomba usome taratibu. Zile betri bapa za duara, za saa, za rimoti ndogo, za mizani ya jikoni, za mishumaa ya taa, na za yale matoi ya kuwaka taa na kupiga muziki yanayouzwa sikukuu za Idi na Lamu wakati wa Maulidi, zikiingia puani ni dharura ya saa hiyo hiyo. Betri ikikaa kwenye unyevu wa pua, umeme unapita kwenye nyama na kutengeneza kemikali kali upande mmoja wa betri, inaunguza. Na usijidanganye eti betri imekufa, toi haliwaki tena, kwa sababu ile iliyoshindwa kuwasha toi bado ina umeme wa kutosha kuunguza pua ya mtoto. Ndani ya saa chache nyama inaanza kufa, na ukichelewa ukuta wa katikati ya pua unatoboka, tundu ambalo halizibi lenyewe, na pua inaweza hata kubonyea umbo mtoto akiwa mkubwa.

Dalili zake ni maumivu, uvimbe, na majimaji ya kahawia au meusi upande mmoja. Usitie maji, usitie maji ya chumvi, usitie matone yoyote, maana majimaji yanaupa umeme njia nzuri zaidi. Usijaribu hili wala lile, nenda. Ukiwa Malindi mjini ni tuktuk mpaka hospitali. Ukiwa Kizingitini, Siyu au Kiunga huko Lamu usiseme utangoja boti ya kesho, mpigie mhudumu wa afya wa kijiji, tafuta chombo, na ukifika hospitali usipange foleni kimya, sema kwa sauti mlangoni, "mtoto ana betri puani."

Sumaku mbili ni balaa lingine. Mtoto anatia moja kila tundu, zinavutana kupitia ukuta wa katikati, zinaubana mpaka damu haipiti. Usivute moja kwa nguvu. Hospitali siku hiyo hiyo.

Busu la mama

Kama ni kitu cha kawaida, ushanga au kunde, kimeingia leo, mtoto anapumua vizuri, iko njia moja ya nyumbani ambayo hata madaktari wenyewe wanaitumia. Ilielezwa na daktari wa Marekani, Vladimir Ctibor, mwaka 1965, na tafiti zilipokuja kukusanywa pamoja ikaonekana inatoa kitu kwa karibu watoto sita kati ya kumi. Naipenda kwa sababu haina chombo, haina maumivu, na mtoto anaona ni mamake anambusu.

Inafanywa hivi. Kwanza kama mtoto ni mkubwa kidogo anayejua kupenga, mwambie avute pumzi kwa mdomo, sio kwa pua, umzibe tundu zima kwa kidole kisha apenge kwa nguvu. Mara nyengine kinatoka hapo hapo. Mwambie kabla, "usivute ndani, puliza nje," na umuonyeshe wewe kwanza kwa pua yako.

Asipoweza, mpakate au mlaze kidogo ameinua kichwa, mwambie unakuja kumpa busu kubwa. Ziba lile tundu zima kwa kidole, lizibe kisawasawa. Funika mdomo wake wote kwa mdomo wako kusibaki pa kupitia hewa. Puliza taratibu kwanza. Utafika mahali utasikia pumzi yako imegonga, imezuiliwa, hapo koo lake limejifunga lenyewe kulinda mapafu, na hapo ndo unapiga pumzi moja fupi ya ghafla. Hewa haina pa kwenda ila kupitia nyuma ya pua na kutokea kwenye tundu lenye kitu, ikikisukuma mbele. Shavu lako linaweza kurushiwa makamasi na ushanga vyote pamoja, hilo lisikushtue, ndo mafanikio yenyewe. Kikisogea mpaka mlangoni bila kutoka, bonyeza pua kwa nje juu ya kitu hicho na ukisukume chini kuelekea nje, usiingize kidole.

Ni mama au baba au mlezi ndo afanye, mtu ambaye mtoto anamwamini. Mkijaribu mara chache na hakijatoka, basi, nendeni hospitali. Na usifanye kabisa kama ni betri au sumaku, kama ni kitu chenye ncha kama kipini, kama anahema kwa shida, au damu inatoka nyingi. Kitu kilichokaa wiki nyingi mpaka kunuka pia huwa kimeshabanwa na uvimbe, busu haliwezi, peleka tu.

Mambo ya kuacha kabisa

Kitu cha mviringo usikiguse na kibano. Ushanga ni mtelezo, kibano kinauteleza na kila ukibana unaenda nyuma zaidi, na nyuma ya pua kuna koo na chini ya koo kuna mapafu. Njiti ya pamba ni hivo hivo, pini ya nywele mbaya zaidi. Usimtie pilipili au ugoro apige chafya, kwa sababu kabla ya chafya kuna kuvuta pumzi, na pumzi hiyo inakwenda na kile kitu. Usimpige maji puani, kama ni kunde itavimba. Mafuta, iwe ya nazi au habasoda, yakishuka kwenye mapafu ya mtoto yanaleta nimonia yake ya peke yake, na hili nalisisitiza kwa sababu huku Pwani mafuta puani ni desturi tunayoiheshimu, ila pua ya mtoto sio mahali pake.

Akianza ghafla kukohoa mfululizo, kupiga mluzi anapopumua, sauti kubadilika au midomo kuwa ya samawati, kitu kimeshashuka kwenye njia ya hewa. Hiyo ni dharura nyingine kabisa, usimalizie kusoma, mkimbize.

Ukifika hospitali

Mueleze daktari kwa sentensi zinazomsaidia: ni tundu moja, linanuka, limeanza lini, antibayotiki ameshamaliza ngapi, naomba aangaliwe ndani ya pua kwa taa. Una haki ya kuomba hilo. Ukiandikiwa dawa ya mafua kabla pua haijamulikwa, omba tena, kwa adabu lakini usiondoke. Hauhitaji kila mara daktari bingwa, Kenya tuna maklinikal ofisa waliosomea masikio, pua na koo, uliza kama yuko na siku zake ni zipi. Wa Lamu mna hospitali ya kaunti ya King Fahd, wa Malindi mna hospitali ya hapa mjini, na kinachoshindikana kinapelekwa Coast General Mombasa. Nenda na makaratasi ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya mtoto, na njiani usimlishe mlo mzito, pengine itabidi alazwe nusu kaputi na tumbo lililojaa linachelewesha.

Pale watamtia matone ya kupunguza uvimbe kama sio betri, halafu wanatumia kijiti chenye ncha iliyopinda kinachopita juu ya kitu, kinashuka nyuma yake, na kukivuta mbele. Wengine wana mpira mwembamba wenye puto dogo, unapitishwa, unajazwa, unavutwa. Jaribio la kwanza ndo lenye nafasi nzuri kuliko yote, mtoto akishaumizwa na damu ikatoka kila linalofuata ni gumu, kwa hivo mshike vizuri pale pale mwanzo kama watakavokuelekeza, hata kama analia na roho inakuuma. Ikishindikana, kulazwa kidogo na kutolewa salama ni bora kuliko kung'ang'ana.

Na eksrei: inaonyesha chuma, betri, jiwe. Plastiki, sponji, mbegu, karatasi nyingi hazionekani. Eksrei safi haimaanishi pua safi, mzazi usirudi nyumbani umeridhika na picha peke yake.

Kikisahaulika kinageuka jiwe

Hili ndo wengi hawalijui. Kitu kikikaa puani miaka, chumvichumvi za kwenye makamasi na machozi, zaidi kalsiamu na magnesiamu, zinaganda juu yake tabaka kwa tabaka, vile vile birika linavoota ukoko mweupe kwa maji yetu ya kisima. Linaitwa rinolithi, kijiwe cha pua. Sio ugonjwa mpya, Bartholin wa Denmark anatajwa kuwa aliuelezea mwaka 1654. Katikati ya jiwe kunakuwa na kiini, mara nyingi kile alichotia mtoto, mara chache damu iliyoganda au jino lililoota vibaya. Linakua polepole mno, ndo maana wengi wanagundulika ukubwani, miaka ishirini na kitu, thelathini, wakati utoto wenyewe umeshasahaulika.

Mtu huyo anaishi na upande mmoja umeziba, majimaji yanayonuka yanayokuja na kwenda, damu kidogo kidogo, kichwa au uso kuuma upande huo huo. Anadhani ana sainasi. Likiachwa linaweza kupinda au kutoboa ukuta wa katikati, kuleta sainasi ya kweli, hata kutoboa kaakaa kwa nadra.

Nilimuona mwanamke mtu mzima kutoka visiwani, tundu la kulia halipitishi hewa tangu anajijua, kwake yeye ndo pua yake ilivo, alikuja kwa sababu ya kichwa. Eksrei ikaonyesha kitu cheupe chenye kingo zisizo sawa kwenye sakafu ya pua. Lilitolewa kwa nusu kaputi na kamera, ilibidi livunjwe kwanza ndo lipite, vipande vya kijivu vyenye mikwaruzo, vigumu, vilivyogonga sahani ya chuma vikalia. Kipande cha mwisho kilipopasuka katikati yake ilikuwa shanga ya buluu, rangi haijachuja. Mamake alikuwa nje, alipoonyeshwa akasema hizo ni za kiunoni alizomvisha alipokuwa mdogo.

Kwa hivo wewe unayesoma ukiwa mtu mzima, una upande mmoja tu wa miaka mingi, unanuka na unaziba, mwambie daktari neno "upande mmoja" na uombe kamera ya pua au skani. Skani ndo inaonyesha jiwe vizuri na ukubwa wake. Likishatolewa lote, kurudi ni nadra.

Kikishatoka

Wakiangalia tena ndani baada ya kutoa, uliza, "hakuna kingine?" Mara nyengine kuna viwili, au cha upande wa pili. Damu kidogo siku hiyo ni kawaida, ikitoka muinamishe mbele na umbane sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuachia. Maji ya chumvi ya kusafisha pua yanaruhusiwa kama haikuwa betri, na kama ilikuwa betri fuata walivokwambia na urudi kila tarehe uliyopewa, kwa sababu kidonda cha betri kinaendelea kuchimba hata baada ya betri kutoka.

Harufu inakata haraka, wazazi wanashangaa, mara nyingi siku chache tu na bila antibayotiki. Ikiwa wiki imepita bado kunanuka upande ule ule, mrudishe, uombe waangalie mpaka nyuma, manake sponji na karatasi zinakatika na kipande kinabaki.